Kibanda cha supu ya pweza karibu na pantoni, Lindi: nakula, nasali, hakuna anayeniandika

Nianze na supu, maana ndiyo inayowaleta wengi. Pweza wa kibanda hiki hupondwa juu ya jiwe kabla jua halijatoka, mpaka minyiri ilegee. Kazi hiyo ni ya mjukuu wa mwenye kibanda, na anaifanya bila haraka. Kisha pweza huchemka kwa maji yake mwenyewe. Tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga huingia katikati, chumvi huja mwisho kabisa ili nyama isikaze. Bakuli likifika mezani mchuzi una rangi ya zambarau iliyofifia, vipande vinakatika kwa meno bila kuvutana, na ndimu iko pembeni uikamue mwenyewe kwa kiasi chako. Bakuli ni 1,500. Muhogo wa kuchemsha wa kusindikizia ni 500. Nimekunywa supu ya pweza Kilwa Masoko, Mikindani na Mtwara mjini, na hii naiweka juu ya zote.

Kibanda hakina bango wala jina. Ukiwa Lindi mjini, shuka kuelekea kwenye pantoni inayovusha watu kwenda Kitunda, halafu muulize yeyote aliyekaa kivulini kwa mama wa pweza ni wapi. Utaona mabati juu ya boriti za mikoko, mti mkubwa wa mkungu upande mmoja, mabenchi mawili marefu, na meza iliyotandikwa kitambaa cha mpira chenye maua. Ndoo ya kunawia ina koki na sabuni ipo, sijawahi kuikosa. Vyombo huoshwa nyuma kwa maji ya moto, na hilo nimeliona kwa macho yangu kwa sababu benchi ninalolipenda liko karibu na jiko.

Asubuhi kuna mbaazi za nazi na chapati. Mbaazi zimeiva mpaka zinapondeka, tui ni zito, na chapati anazikanda mwenyewe, si za kununua jana yake. Mchana kuna ugali wa muhogo na samaki, changu au kolekole kutegemea bahari ilivyoamka, pamoja na kisamvu kilichotwangwa pale pale kwenye kinu na kupikwa na karanga. Sahani hiyo ni 4,000 na inamshibisha mtu aliyebeba magunia. Ming'oko, vile viazi pori vya kusini, ikiwa sokoni huichemsha na kuiuza kwa mafungu kwenye ungo, na watu wa bara wanaoshuka kwenye pantoni huiulizia kabla hawajasalimia. Wali siusifu. Anaupika mapema mno, na kufikia saa nane umepoa na kushikana. Chai inatoka na sukari nyingi tayari, kwa hiyo sema mapema uwekewe bila. Na pantoni ikifika, watu hujaa kwa mkupuo; ukikuta hali hiyo subiri nusu saa upande wa mkungu, utahudumiwa vizuri zaidi.

Haya yangetosha kama ningekuwa naandika kwa ajili ya chakula peke yake. Lakini najua kuna watu hapa Lindi, na Mtwara, na Masasi, ambao kukaa mahali pa wazi na kula sahani ya chakula mbele za watu ni jambo zito. Wao ndio ninaowaandikia hasa, kwa sababu nilitoka huko.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mshirika wa kundi la maombi ambalo jina lake silitaji. Kiongozi tulimwita Baba. Kulikuwa na daftari, na kila mshirika alikuwa na ukurasa wake: amefunga siku zipi, kavu au ya maji, ameomba usiku saa ngapi, ametoa nini. Daftari lilisomwa Jumapili mbele ya wote. Kusafiri kwenda kumzika shangazi kulihitaji kibali. Kununua simu kulihitaji kibali. Kula nyumbani kwa asiye mshirika kulihitaji kibali, na kula chakula kilichopikwa na Mwislamu hakukuwa na kibali kabisa. Tuliambiwa unameza maagano ya watu na kumfungulia adui mlango. Aliyeuliza swali alikuwa na roho ya uasi. Dawa ya roho ya uasi ilikuwa mfungo mkavu wa siku tatu, mchana na usiku, bila hata tone la maji.

Mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi. Msimu wa ufuta ukifika napima magunia, naandika kilo, mkulima anapewa karatasi yake, mzigo unasubiri mnada. Mwaka mmoja Baba alinitaka nimletee orodha ya kilo za wakulima waliokuwa washirika wetu, ili ajue nani anaficha malimbuko. Nilikataa. Kilo za mkulima ni siri ya mkulima na chama chake. Nikawekwa mbele, nikakemewa, nikapewa siku tatu kavu. Wiki hizo hizo dada mmoja mwenye ugonjwa wa sukari, aliyekuwa kwenye mfungo kama wangu, alianguka jikoni kwake akakimbizwa hospitali ya Sokoine. Alipona kwa sababu jirani, ambaye tulikatazwa kumsalimia, alivunja mlango. Baba alisema angekuwa na imani asingeanguka.

Huo ulikuwa mwaka 2023. Tangu Aprili redio zilikuwa zinatangaza habari za Shakahola, kule Kilifi, Kenya, ambako watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, wakiwemo watoto wengi. Nilikuwa nasikiliza redio ya mlinzi pale ghalani huku nimebeba njaa ya siku ya pili, na ulimi umekauka. Nilikwenda kwenye mtungi wa mlinzi nikanywa kikombe kizima cha maji. Sikurudi tena kule.

Ndugu zangu walifurahi, na kila mmoja alikuwa na ushauri. Mjomba alisema achana na dini kabisa, zimekuonyesha. Dada yangu alisema rudi Anglikana Jumapili hii hii, kama vile mtu anayehama kiti. Wote wawili waliniambia kwa upendo, na wote wawili hawakunifikia. Sikuwa nimemwacha Mungu hata dakika moja. Nilichokosa ni njia ya kumsemesha. Nikifumba macho niombe, maneno yaliyokuja yalikuwa ya Baba, kwa sauti ya Baba, na mwili ulianza kutetemeka kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Nikijaribu kula, mkono uliganda. Nilikuwa najifungia chumbani, nakula wali mkavu haraka haraka taa ikiwa imezimwa.

Kibandani niliingia kwa sababu ya kazi. Nilikuwa na karatasi za kupeleka ng'ambo, pantoni ilikuwa imechelewa, na kulikuwa na nafasi kwenye benchi. Mama alinitazama, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Pilipili niweke?"

Hakuuliza mimi ni wa wapi, nasali wapi, nimeolewa na nani. Mtu aliyezoea kuhojiwa kabla ya kila tonge hawezi kulipima swali lile kwa thamani ya pilipili. Nikamwambia aweke kidogo. Kisha, bila kupanga, nikasema sala fupi ambayo bibi yangu mzaa mama alikuwa akiisema kila jioni kule Masasi: asante Mungu kwa chakula hiki, uwakumbuke wasio nacho, amina. Niliisema kwa sauti ya chini lakini ilisikika. Nilipofumbua macho, Mama alikuwa amesimama na upawa, amengoja nimalize ndipo anijazie. Akasema, "Haya, kula mwanangu," akamimina.

Ile sala haikuwa ya Baba. Ilikuwepo kabla yake, nimeirithi. Niliinywa supu yote, nikaongeza muhogo.

Huwa namfikiria bibi ninapokaa pale. Alisimuliwa na wazee wake kwamba ukoo wao ulitoka katika wale watu waliokombolewa utumwani, ambao Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliondoka nao Unguja mwaka 1876. Walipitia Lindi hapa hapa, wakapanda bara kwa miguu wakiwa na nia ya kufika karibu na Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakakaa. Ukristo wa kwetu kule ulianzia kwa watu hao. Bibi alikuwa akisema Mungu wa kwao ni yule aliyewaondolea mnyororo. Alisema hivyo tukiwa tunachambua mboga, bila mkazo wowote, na nilikuwa mtoto sikulishika. Nimelishika nikiwa mtu mzima kwenye benchi la mama lishe wa Kiislamu, nikitazama maji ambayo wazee wa bibi walishukia.

Kuhusu huduma, nina jambo moja linalopita sifa zote za pweza. Baada ya miezi kadhaa, dada wawili wa kundi letu la zamani walinifuata. Walijua saa zangu. Walisimama mbele ya meza nikiwa na tonge mkononi, mmoja akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa madereva wa bodaboda, "Dada, ndiyo umefika huku? Unakula kwa mataifa?" Mwingine akaanza kunikemea pale pale, mkono umeunyoosha juu ya kichwa changu. Nilihisi mwili wote unasinyaa. Mama alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga.

"Karibuni," akawaambia. "Kama mmekuja kula, kaeni, nafasi ipo. Kama mmekuja kuzungumza na mgeni wangu, msubirini pale kwenye mkungu amalize chakula chake. Hapa mtu hasemeshwi akiwa na tonge."

Hakupaza sauti. Hakuwatukana, hakusema lolote kuhusu dini yao wala yake. Mmoja akajibu kwamba hili ni jambo la kiroho. Mama akasema, "Hata la kiroho linangoja mtu ashibe." Walikaa chini ya mkungu kitambo, wakanong'ona, pantoni ilipofika wakaondoka na watu wengine. Mama akaniongezea mchuzi, akarudi kwenye jiko lake. Hakuniuliza wale ni nani. Wakati wa kulipa alinitoza bei ile ile ya siku zote, na hilo nalo lilinipa nguvu, kwa sababu sikutaka kuwa wa kuhurumiwa.

Usiku ule nilisoma Matendo ya Mitume, sura ya 27. Kule kwetu sura hiyo haikuwahi kuhubiriwa. Meli ya Paulo imepigwa na dhoruba, watu 276 wamo ndani, na wamekaa siku kumi na nne bila kula kitu. Paulo hawaambii waongeze siku. Anawasihi wale, kwa sababu chakula ni kwa ajili ya uzima wao. Kisha anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, wengi wao wakiwa askari na mabaharia wasiomjua Mungu wake, anaumega na kuanza kula. Nao wakachangamka wakala. Niliisoma tena na tena. Mtumishi wa Mungu amesimama mbele ya watu wenye njaa, anawaambia kuleni, na anaanza yeye ili wasiogope. Sasa nikikaa mezani pale na kusema sala yangu kwa sauti ya kawaida, nakumbuka kwamba kushukuru mbele ya watu wa imani nyingine na kula nao kuna mfano ndani ya Maandiko yale yale niliyotishwa nayo.

Nifike kwenye Ramadhani, kwa sababu mwezi huo kibanda hubadilika kabisa, na ndiyo sehemu ninayowaombea wengi wenu muione. Mchana jiko halina moto. Kuanzia alasiri harufu ya nazi inatanda mpaka barabarani. Magharibi meza hujaa: tende, uji wa pilipili manga, kaimati, tambi za sukari, magimbi ya nazi, mihogo ya nazi na samaki, maharage ya nazi. Sahani ya futari iliyochanganywa ni 3,000, uji na tende mbili ni bure kwa yeyote aliyepo adhana ikilia, awe amefunga au hakufunga. Kaimati zake ni laini ndani na hazijazama kwenye shira. Magimbi ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Tui limeingia mpaka kwenye moyo wa gimbi, na samaki mkavu kidogo ametiwa ndani kuleta harufu. Wageni wanaotaka kula mchana mwezi huo watafute kwingine, na wasilalamike.

Ramadhani ya kwanza niliyoikuta pale nilikuwa naogopa. Neno funga lilikuwa bado linanipiga tumboni. Jioni moja nilifika mapema, nikamkuta mkwe wa Mama, mjamzito, amekaa nyuma anakula wali na mchuzi. Niliduwaa. Mama akaniona ninavyotazama.

"Huyu ana mimba na afya yake si nzuri, anakula," akasema. "Siku atakuja kuzilipa, Mungu akimpa uzima. Mgonjwa anakula, msafiri anakula. Mwanamke aliye kwenye siku zake hafungi."

Nikamweleza mfungo wetu. Aliweka upawa chini.

"Siku tatu? Na usiku?"

"Na usiku, Mama."

"Na maji?"

"Hata maji."

"Wajawazito nao?"

Nikamwambia nao. Alikaa kimya, kisha akasema kwamba kwao mtu haruhusiwi kuunganisha siku na siku bila kufuturu, Mtume mwenyewe aliwakataza watu wake. Jua likizama wanaambiwa waharakishe kufuturu, na daku inasemwa ina baraka, ukiiacha umeacha baraka. Kisha akaniambia, "Mwanangu, kufunga ni ibada. Kumkausha mtu koo ili akuogope wewe, hiyo sijui niiite nini." Akarudi kuchochea magimbi.

Sikusilimu, na Mama hakunigusia jambo hilo hata siku moja. Lakini katika dini yake niliona kitu ambacho kwenye lile daftari hakikuwemo: mfungo wenye mlango wa kutokea, uliowekwa mapema, ambao mjamzito haombi kwa mtu yeyote apitie. Nilirudi kwenye Injili nikatafuta mlango huo, nao upo. Mathayo 6 Yesu anamwambia mfungaji apake kichwa mafuta na anawe uso, watu wasijue, Baba yake aliye sirini ndiye ajue. Kama watu hawatakiwi kujua, daftari la kusomwa Jumapili linatoka wapi?

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 Machi, kwa hiyo Kwaresima na Ramadhani vilikwenda bega kwa bega. Mwaka huo nilifunga tena, kwa hiari yangu, kwa mara ya kwanza tangu nitoke. Ijumaa niliacha chakula cha mchana. Maji nilikunywa. Dawa yangu ya presha niliimeza asubuhi kama daktari alivyoniagiza. Sikuandika popote, sikumwambia mtu ghalani. Fedha ya chakula kile niliiacha kwa Mama imlipie atakayekuja hana kitu, naye aliipokea bila kuuliza sababu. Magharibi niliketi na wavuvi na akina mama wa ng'ambo. Wakasema yao, nikasema ya bibi yangu, tukala magimbi kutoka sinia moja. Niliporudi nyumbani niliomba kwa muda mrefu, na maneno yote yalikuwa yangu.

Kanisani nimeanza kwenda tena, ibada ya asubuhi, benchi la nyuma. Mchungaji amenikaribisha na hajanisukuma kwenye kwaya wala kamati yoyote, na namshukuru kwa subira hiyo. Kuna Jumapili siendi, nasoma zaburi nyumbani. Wanaoniuliza kama nimeruhusiwa kuishi imani hivi nawaonyesha Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19: uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, na uhuru wa kubadilisha dini au imani, ni wa kila mtu. Baba alitufundisha kwamba kutoka ni laana. Sheria ya nchi inasema kutoka ni haki, na mimi naamini Mungu hajaniwekea fungu dogo kuliko ililoniwekea sheria.

Nina lalamiko moja la haki kuhusu kibanda, mbali na wali. Baadhi ya vijana wa bodaboda hukaa pale wakicheza mahubiri kwenye simu kwa sauti kubwa, yale ya kupiga kelele na kukemea. Kwa mtu kama mimi sauti hiyo inaharibu chakula chote. Nilimwambia Mama, na tangu hapo ameweka sharti kwamba simu mezani haina spika. Vijana wengine husahau. Mwambie mjukuu, atakwenda kuwakumbusha kwa adabu.

Jambo jingine nalisema kwa msisitizo kwa wanaotoka kwenye mifungo mirefu. Usianze na supu ya pweza, wala ugali. Tumbo lililokaa siku nyingi tupu haliwezi kubebeshwa mzigo ghafla, na mtu anaweza kudhurika vibaya kwa kula sana mara moja. Kama umekaa siku nyingi bila chakula, pita hospitali kwanza uonwe, hata kama unajiona mzima. Halafu uji mwepesi, kidogo kidogo. Kama uliambiwa uache dawa za sukari, presha au nyingine yoyote, mweleze daktari ukweli wote, usione aibu. Kama kuna watoto wanaofungishwa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, usingoje. Na Mama wa pweza msimgeuze mshauri. Ana jiko, ana mkwe, ana wateja. Kazi yake ni kupika, na anaifanya kwa heshima kubwa. Hicho ndicho nilichokihitaji.

Saa za kazi: anafungua alfajiri, anafunga alasiri, ila Ramadhani ambapo ni alasiri mpaka usiku. Ijumaa husimamisha jiko wakati wa sala ya adhuhuri na kurudi baadaye. Kwa supu, nendeni siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na akina mama wanatembea miambani. Siku za maji mafu pweza ni wachache, bakuli hupanda mpaka 2,000 na kufikia saa nne limekwisha. Usiku bei ya bodaboda kutoka stendi ipatane kabla hujapanda.

Kama umetoka huko nilikotoka, benchi la ndani karibu na jiko lina kivuli na halionekani kutoka barabarani. Agiza mbaazi na chapati moja. Sala yako iseme au usiiseme, Mama atakungojea vilevile na upawa wake. Njoo na noti ndogo ndogo, asubuhi chenji hana.